Niliwaona, Nikapita

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya msimu wa ufuta ambayo kijiji kizima kiliacha kazi kikaenda kutazama nyayo za ng'ombe.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba na kila karatasi iliyopita mbele ya macho yangu, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Kijiji chetu kiko upande wa Chiola, Nachingwea, na nyayo zile zilikuwa shambani kwa Mzee Athumani, mkulima wa siku nyingi na mzee wa msikiti.

Wewe umekulia Ruangwa mjini, kwa hiyo nikueleze kwanza. Ufuta hauvunwi na kupurwa siku moja. Hukatwa, ukafungwa mafungu, na mafungu yakasimamishwa wima yakiegemeana, mpaka yakauke na maganda yafunguke midomo. Ndipo mtu huyapindua taratibu juu ya turubai na kuyakung'uta. Kabla ya siku hiyo hata kuku hafukuzwi karibu yake. Fungu likianguka, punje zinamwagika, na punje ya ufuta ikishaingia mchangani imekwenda. Hakuna chekeche la kuirudisha.

Kwa Mzee Athumani mafungu karibu yote yalikuwa chini. Ng'ombe walikuwa wamepita katikati yake wakifuata kunde zilizobaki mbichi upande wa bondeni. Mzee alikuwa amechuchumaa. Alichota mchanga kwa kiganja, akauacha upite kati ya vidole, akatazama punje chache zilizobaki, akazimwaga, akachota tena. Hakulia wala hakulaani. Sisi tuliosimama tungeona afadhali angelaani.

"Hapa hakuna haja ya kuuliza ng'ombe wa nani," mtu mmoja alisema. "Ng'ombe wana mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja."

Wote tulimjua. Alikuwa Masanja, Msukuma wa kwanza kujenga zizi ng'ambo ya kijito chetu. Alitoka kanda ya Ziwa na mke, watoto na mifugo, akapita mabonde mengi ambayo hayakumtaka, mpaka akafika kwetu. Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, Jumapili ya kwanza tu tulimwona kanisani, na baadaye akajiunga na jumuiya yetu ndogo ndogo, ambayo watakatifu wasimamizi wake ni Mashahidi wa Uganda.

Tulimpokea kwa mdomo. Mioyo yetu ilibaki imesimama mlangoni inamchungulia. Alipoleta maziwa kwenye jumuiya, tulisema anatununua. Aliposhindwa kuleta, tulisema ameshatuzoea. Akinyamaza, anapanga jambo. Akicheka, anatucheka. Mke wake alipojifungua, wanawake wa jumuiya walikwenda kumwona mtoto, na waliporudi walitueleza habari za magodoro yaliyomo ndani kuliko habari za mtoto. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye Kiswahili chake kilitembea kwa miguu ya Kimwera, alipenda kusema, "Ntu wa ng'ombe hana jirani, ana malisho." Tulikuwa tukicheka na kutikisa vichwa, tukiona amesema hekima. Mwanangu, si kila kinachochekesha ni hekima.

Masanja aliitwa. Alifika na fimbo yake begani, akasema, "Shikamooni wazee." Aliyeitikia marahaba ni Mzee Athumani peke yake, tena akiwa bado amechuchumaa. Masanja akainama, akazifuata nyayo tangu zilipoingilia mpaka bondeni, akarudi.

"Hili si kundi," alisema. "Kundi likiingia shambani linatawanyika kama maji. Hawa ni wawili, wametembea bega kwa bega. Hata hapa walipogeuka, wamegeuka pamoja. Ni maksai wangu wa kazi. Sikatai."

"Haya, amekiri mwenyewe!" sauti zikapanda.

"Sijamaliza. Maksai ni wangu, ila jana sikuwa nao. Festo aliwaazima kwangu avutie ufuta wake kwa mkokoteni. Hakuwarudisha."

Festo ni kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa nyuma yangu, nikisikia anavyopumua.

"Niliwarudisha kabla ya magharibi," alisema Festo. "Nikawaacha mlangoni mwa zizi lako. Kama hukuwafungia, hilo ni lako."

"Ndugu yangu, hukuwaleta."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo? Mimi niliyezaliwa hapa, mbele ya wazee walionibeba mgongoni, mimi ndiye mwongo, na wewe uliyekuja juzi na mavumbi ndiye mkweli?"

Watu walicheka kile kicheko cha kumaliza shauri. Kisha mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya, akauliza swali la maana. "Masanja, unasema maksai hawakurudi. Mtu na maksai wake! Mbona usiku kucha hukwenda kuwatafuta?"

"Nilijua waliko."

"Ulijuaje?"

Masanja alitutazama, uso kwa uso, kama mtu anayehesabu mifugo yake jioni. Akasema, "Nilijua tu, mwenyekiti."

Jibu hilo lilimponza. Hata waliokuwa na shaka na Festo waliacha kushuku upande ule, wakahamia kwa Masanja wote. Mtu asemaye "nilijua tu" ana lake jambo. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa kijiji keshokutwa yake, na hoja ilikuwa moja, Masanja aondoke au abaki. Vijana wa rika langu walisema waziwazi kwamba mkutano usipomwondoa yeye, mapanga yatawaondoa ng'ombe wake. Mkewe alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja mgongoni. Mvua zilikuwa zimekwisha, na anayehama kiangazi na mifugo huanza kuizika njiani.

Sasa nikutajie mtu ninayetaka umjue. Mjomba wangu Damiani, kaka yake mama yangu, alikuwa katekista wetu, tuliyemwita mwalimu. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na kanzu yake ya Jumapili aliifua mwenyewe. Siku zile tulikuwa katika siku tisa za sala kuelekea sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, na kila jioni jumuiya ilikutana katika nyumba moja kusoma maisha ya mmojawapo. Msomaji nilikuwa mimi. Jioni ya siku ile ya nyayo, zamu ilikuwa ya nyumba yetu.

Masanja alikuja. Sijui alipata wapi nguvu. Alikaa ukingoni mwa mkeka, nusu ya mwili chini kwenye udongo, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Festo alikuwa upande wa pili, ameinamia simu.

Ukurasa wa siku ile ulikuwa wa kijana mtumishi wa kasri ya mfalme wa Buganda. Huyu alikuwa na jaribu ambalo wenzake hawakuwa nalo. Mkuu wa wauaji alikuwa mlezi wake, aliyemlea kama mwanawe wa kuzaa. Wengine waliambiwa waache dini kwa vitisho. Yeye aliombwa kwa machozi. Mlezi alimwambia aseme neno moja tu, kwamba hatasali tena, hata kama moyoni anasali. Alipokataa, akamwambia basi ajifiche, yeye mwenyewe atamficha. Kijana akajibu kwamba hawezi kujificha, maana mfalme amekwisha toa amri na yeye ni mmoja wa walioitwa. Mwishoni, mlezi alichoweza kumfanyia ni kuamuru apigwe kwanza shingoni afe, ili moto wa Namugongo umkute hana uhai.

Niliposoma hapo nikafunga kitabu. Mjomba alikuwa na desturi ya kuuliza swali baada ya masomo. Jioni ile swali lilichelewa.

"Yule mlezi," alisema hatimaye, "alimpenda kijana, au hakumpenda?"

"Alimpenda," mama akajibu.

"Na mapenzi yake yalitaka nini?"

Mjomba hakungoja jibu, akafanya ishara ya msalaba. Tukasali, tukaagana. Lakini njiani kila mtu alikuwa na lake. "Mwalimu anamsema Masanja, akiri." "Hapana, anamsema Festo." "Anatusema sote, anajifanya padri." Mimi ninayependa kuhakikisha mambo nilitazama kitabu baadaye. Ukurasa ule ulikuwa katika mpangilio wake tu, ungesomwa siku ile hata kama ng'ombe wote wa Nachingwea wangelala mazizini. Lakini kijiji kinachoshuku hakiamini mpangilio wa kurasa. Waswahili walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeishi kiasi cha kutosha kuongeza kwamba mara nyingi laja kwa sababu tunaliita.

Asubuhi ya mkutano nilikuwa nyuma ya jiko letu napigilia mguu wa kigoda. Mjomba akaingia jikoni kwa mama. Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito, maneno yalipita kama moshi.

"Ndiyo, kaka," mama alikuwa akisema. "Umeuliza, nimekujibu. Walikuwa hapa. Aliwafungua nira, hakuwafunga kamba, akakimbilia senta kutazama mpira. Aliporudi hawakuwapo. Alidhani wamejirudia wenyewe kwao."

"Mimi niliwaona," mjomba akasema. "Jua linazama, natoka kumwona mgonjwa. Nira iko chini, wao wanatafuna majani nyuma ya choo chenu. Nikasema moyoni, Festo yuko karibu. Niliwaona, nikapita."

"Basi pita tena."

Nikasikia mwiko unakwangua sufuria.

"Kaka, sikiliza. Msukuma ana miguu. Atahama, atapata malisho kwingine, ndiyo maisha yao. Festo akivuliwa nguo mbele ya kijiji atahamia wapi? Na nani atamvika? Mpwa hana mtetezi ila mjomba. Ukimwangusha wewe, nani atamwinua?"

Hapa lazima uelewe desturi yetu, kwa sababu ninyi wa mjini mmeanza kuisahau. Kwetu Wamwera ukoo hufuata upande wa mama. Baba ni baba, analisha na kupenda. Lakini kwenye shauri anayesimama ni mjomba. Mpwa akishtakiwa, mjomba huenda kusimama ubavuni pake, na neno lake ndilo neno la ukoo. Mjomba kumsemea mpwa vibaya barazani ni jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Damu nzito kuliko maji, na damu ya mjomba ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Mama hakuwa mwovu. Alifanya kama yule mlezi. Alipenda, na mapenzi yake yalitaka uongo mdogo.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza la ghala la korosho, maana ndilo lililokuwa na kivuli cha kutosha watu wote. Masanja alisimama upande mmoja, peke yake. Mkewe alikaa mbali na mtoto, karibu na barabara, kama mtu aliyekwisha funga mizigo. Festo alisimama upande wa pili. Mwenyekiti akarudia shauri, Masanja akarudia maneno yake, Festo naye akarudia yake. Kisha mwenyekiti akasema kama inavyosemwa siku zote, "Mwenye mpwa yupo?"

Mjomba akainuka. Alitembea mpaka kwa Festo, akasimama ubavuni pake, bega kwa bega. Watu wakashusha pumzi. Kwao shauri lilikuwa limekwisha, na wengine walianza kukung'uta nguo waondoke.

"Nasimama na mpwa wangu," mjomba akasema. "Kosa lake ni langu. Maksai waliachwa nyumbani kwa dada yangu, hawakufungwa, wakatoka. Mimi mwenyewe niliwaona jioni ile. Niliwaona, nikapita. Masanja hana kosa."

Mtu wa nyuma kabisa akapaza sauti.

"Amepewa ndama!"

Kicheko kikalipuka. "Mkono mtupu haulambwi, mwalimu!" "Maziwa ya mwaka mzima hayo!" "Kauza mpwa kwa mtindi!" Hata waliomheshimu walimtazama kwa jicho la kupima. Ndivyo shaka ilivyo. Siku mbili ilimkaa Masanja, na alipovuliwa ikaruka ikamkaa aliyemvua.

Mwenyekiti akanyamazisha watu. "Mwalimu, kwa nini hukusema juzi pale shambani?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Dada yangu. Na ninyi."

"Festo, unasemaje?"

Festo alimtazama mjomba kama mtu aliyepigwa kofi na mkono uliokuwa ukimlisha. Akapasua watu, akaondoka. Kelele zikarudi, na sasa wakapata hoja mpya. Mbona kijana hakukiri? Basi mjomba amenunuliwa kweli!

Ndipo Mzee Athumani akasimama. Ndiye aliyepoteza, kwa hiyo wakampa nafasi. Alizungumza polepole, akimtazama mjomba.

"Damiani, mimi nina wapwa. Wako hapa, wananisikia. Najua kulivyo kusimama nao barazani, na najua gharama ya ulichosema. Hakuna ndama wa thamani hiyo. Hakuna hata kundi." Akawageukia watu. "Mnaosema amenunuliwa, nani kati yenu angejifedhehesha mbele ya dada yake kwa maziwa? Mimi ndiye niliyemwagiwa ufuta, na mimi nimemwamini. Msukuma abaki. Ufuta tutajua sisi wenye mashamba."

Ufuta wetu ulihamia kwake kuwa fidia, kwa mkokoteni uleule na maksai walewale, Masanja akiongoza. Mzee Athumani aliupokea nusu, nusu akaurudisha, akisema na sisi tuna midomo ya kulisha. Mama alipakia mafungu mwenyewe.

Usidhani kijiji kilibadilika siku ile. Nakuandikia ukweli, sikuandikii hadithi ya kuchangamsha. Wengi waliendelea kumchungulia mjomba. Wanawake walipopita kwake kuomba moto waliangaza nyuma ya nyumba kama kuna ndama. Siku ya sikukuu ya Mashahidi, ngoma na vigelegele, mjomba alikaa benchi la nyuma. Viongozi walipomfuata aende mbele aongoze sala, alijibu, "Nilichelewa siku mbili. Aliyechelewa hakai mbele." Wengine wakasema ni unyenyekevu, wengine wakasema dhamiri inamsuta. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mimi nami nilikuwa na shaka yangu. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu jikoni kwamba maksai walikuwa kwetu, kwa hiyo nilijua mjomba hakusema uongo. Kilichonisumbua ni sababu. Mtu hasemi kweli ya namna ile bure, ndivyo nilivyofikiri. Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunatembea kwenda Marambo kwenye msiba, sisi wawili tu njiani, nikaona nafasi.

"Mjomba, kuna jambo watu wanasema."

"Watu hawajawahi kukosa la kusema. Sema lako."

"Masanja alikupa nini?"

Alisimama. Nilidhani atanizaba kibao. Alivua kiatu, akamwaga mchanga uliokuwamo, akakivaa, akaanza tena kutembea, na ndipo akanijibu.

"Jioni ile nilipotoka kwenu nilikutana na Masanja njiani. Akaniuliza, 'Mwalimu, maksai wangu umewaona?' Nikamwambia, wapo kwa Festo, nimewaona kwa macho yangu, nenda kalale. Akaenda akalala kwa neno langu. Asubuhi pale shambani ulikuwepo. Mwenyekiti alimwuliza alijuaje waliko. Angetaja jina langu tu, yote yangekwisha. Alinitazama. Akanyamaza."

"Kwa nini alinyamaza?"

"Nilimwuliza baada ya mkutano. Alisema, 'Nilijua mwalimu utasema mwenyewe. Ningekutaja, ungekuwa umesukumwa.'"

"Na kama usingesema?"

"Nalo nilimwuliza. Alicheka. Akasema, 'Nimeshahama mara nyingi, mwalimu.'"

Tulitembea kidogo. Kisha akanigeukia, na hapo sauti yake ikawa kali, ukali ambao sijausahau.

"Siku zote zile tulimshuku mtu mmoja, na mtu huyo mmoja hakumshuku hata mmoja wetu. Mimi nilifundisha maisha ya mashahidi miaka mingi. Wewe uliyasoma kwa sauti nzuri, watu wakakusifu. Yule aliyekaa nusu mkeka nusu udongo ndiye aliyenionyesha yanavyokuwa. Aliniamini nikiwa sistahili, nikaona aibu kuendelea kutostahili. Hicho ndicho alichonipa. Na wewe unayetafuta ndama, tafuta kwanza ulimpa nini yeye. Hata kusogea mkekani ulishindwa."

Nilitembea nyuma yake mpaka Marambo.

Festo hakumsalimu mjomba kwa muda mrefu. Alikuja huku Ruangwa, akachimba madini na wachimbaji wadogo, akachoka, akaoa, akapanda mikorosho Likunja anakoishi hadi sasa. Mjomba alipofariki, Festo alishika jeneza upande wa kichwa, lakini hakusema neno juu ya mambo yale, na mimi sikumwuliza. Nilidhani yamekwisha bila kuzaa kitu.

Msimu uliopita, unajua, moto uliingia katika mikorosho ya jirani yake. Simu zikaanza kulia. Ujumbe ukaruka kutoka kundi moja hadi jingine kwamba wafugaji wameunguza shamba ili majani mapya yaote. Wewe mwenyewe ulinitumia ujumbe ule, pamoja na alama za hasira. Nilikuwa Likunja siku ya kikao, nimekwenda kutengeneza cherehani ya mteja. Wafugaji wawili walikuwa wamesimamishwa mbele, vijana wadogo tu. Kabla mwenyekiti hajauliza kitu, kaka yangu Festo akainuka, mzee mwenye mvi sasa, akaenda kusimama ubavuni pa mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mdogo.

"Kosa lake ni langu," alisema. "Alisafisha shamba kwa moto, akauacha kabla haujazimika. Mimi niliuona moshi, nikapita. Hawa vijana hawana kosa."

Njiani kurudi nilimwuliza kama aliyapanga maneno yale. Akashangaa.

"Maneno gani?"

"Uliyosema. Ni ya mjomba, neno kwa neno."

Tukafika kwake. Akafungua mlango, akaingia, akatoka tena. "Nilimchukia kwa yale maneno," akasema. "Sikujua kwamba nimeyatunza."

Mwanangu, sasa nakupa nasaha yangu moja kwa moja, usilazimike kuitafuta. Mfano mwema haufanyi kazi kama amri. Amri unaitii au unaikataa siku hiyo hiyo. Mfano humwingia mtu hata anapouchukia, ukakaa ndani yake miaka, ukatoka siku anapouhitaji. Ndivyo na mfano mbaya. Kwa hiyo soma maisha ya mashahidi, uyasome vizuri, lakini jua kwamba mdogo wako hasomi kitabu ulichoshika. Anakusoma wewe uliyekishika.

Sikuambii uache kushuku. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, nakagua kila nati ya cherehani kabla sijaamini neno la mwenyewe. Nakuambia uanzie nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukisikia shutuma inayokupendeza, inayomlaumu mgeni na kuwaacha watu wako safi, hiyo ndiyo uichunguze zaidi. Usiitume mbele. Simu yako isiwe mlango wa zizi lisilofungwa. Na ukimwona mgeni amekaa ukingoni mwa mkeka, sogea kabla hujauliza ametoka wapi. Hata haya ninayokuandikia usiyameze tu. Festo yupo hai, nauli ya Likunja unaijua, nenda kamwulize.

Mwenyezi Mungu, aliyewaona wale vijana wa Namugongo na aliyewaona maksai nyuma ya choo chetu, akupe macho yasiyopita. Akupe mjomba wa kusimama nawe katika kweli, na siku ukiwa mjomba wewe, akupe miguu ya kuinuka kabla hujaulizwa. Wageni walale salama kwa neno lako, na watoto wako wayatunze mema yako hata siku watakazokukasirikia.